Atasahau Tu

Kifutio kilianguka sakafuni. Kilikuwa kipande cha ubao kilichovikwa gunia, kitu kisicho na uzito wa kumwamsha paka, lakini kabla vumbi la chaki halijatua mvulana wa dawati la tatu alikuwa ameshaingia chini ya dawati, viganja vyote viwili vimefunika kisogo. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka.

Shule yenyewe iko upande wa Karungu, Migori, pale ambapo ukisimama mlangoni unaliona Ziwa Victoria na ukifumba macho unanusa omena zilizoanikwa. Sitaitaja jina. Mvulana pia hatakuwa na jina, na ndani yake nimechanganya mambo ya zaidi ya mtu mmoja ili asitambulike. Anayedhani amemtambua, basi huenda amemtambua mwingine wa kijijini kwake, kwa maana kisa hiki hakina upekee wowote katika kaunti mbili za ziwani, Migori na Homa Bay.

Baba yake alitangulia. Mama yake alizikwa Mbita mwaka 2006, yeye akiwa na miaka minane. Ugonjwa haukutajwa matangani. Waliosema walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko; waliojua walinyamaza. Miaka hiyo nyumba zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine ukingoni mwa ziwa. Hata utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulipopima virusi vya Ukimwi bado ulikuta karibu watu wazima 20 kati ya kila 100 wa Homa Bay wanavyo, na 13 Migori, wakati taifa zima halikufika 5. Yatima walikuwa wengi kuliko mikono ya kuwapokea. Huyu alipokewa na baba yake mdogo, aliyekuwa amehamia Nyatike kufuata dhahabu ya Macalder. Dani, bibi yake mzaa baba, alimfungia nguo mbili kwenye leso, akamsindikiza hadi stendi na kumkabidhi kwa mwanawe wa kumzaa mwenyewe. Angeogopa nini?

Baba mdogo alimpiga kwa kilichokuwa karibu: mkanda, mwiko, mpini wa jembe. Usiku wa pombe alimfungia nje, na mtoto akajifunza kutambua kwa mlio wa hatua tu kama ni usiku wa kulala ndani au wa kulala kwenye banda la mbuzi. Yapo mambo mengine ambayo mpaka leo hajayasema, nami sitayabuni. Jirani alisikia. Alimwambia mkewe kwamba mtoto wa kiume lazima afunzwe, mkewe akahema, akasema, "Bado mdogo, atasahau tu." Pasta alisema vivyo hivyo kwa lugha ya kanisani. Hata Dani, alipomwona Krismasi moja amekonda na hasemi, alijiambia kuwa ni msiba wa mama, utapita.

Mwalimu ndiye pekee aliyeuliza. Siku moja aliona mkono umevimba. "Una nini mkononi?" "Nilianguka, Mwalimu." "Angalia unapokanyaga." Maulizo yakaishia hapo. Wiki iliyofuata alimchapa viboko vinne kwa kuchelewa, katika nchi iliyopiga marufuku kiboko shuleni tangu 2001. Simsemi vibaya kuliko wengine. Ndivyo sote tulivyosoma.

Atasahau tu. Ni neno la faraja, na mara nyingi anayefarijika ni msemaji. Mtoto akikaa kimya tunasema ameshapoa. Akicheka mara moja uwanjani tunasema, si unaona? Mwaka 2019 serikali ilipowahoji vijana wa miaka 18 hadi 24 nchini kote kuhusu utoto wao, zaidi ya nusu ya wanaume na karibu nusu ya wanawake walisema walifanyiwa ukatili kabla ya kufika miaka 18. Mvulana wetu wakati huo alikuwa na miaka 21, ndani kabisa ya rika hilo. Waliohojiwa walikumbuka vizuri.

Akawa mtu mzima, kama tunavyosema, kana kwamba utu uzima ni mji unaohamia na kuacha vitu vyote nyuma. Alichimba dhahabu Macalder. Alikuwa fundi wa kusoma jiwe, na wenzake walimpenda, ila hakuna aliyethubutu kumgusa bega kwa nyuma. Usingizi wake ulikuwa wa saa mbili tatu. Alikunywa ili alale, kisha akanywa kwa sababu amezoea. Akaoa, akapata binti. Ugomvi ukaingia, mke akarudi kwao na mtoto. Shimo likajaa maji ya masika na madeni ya mikopo ya simu yakapanda. Ninayataja yote haya kwa makusudi, kwa sababu mtu hafikishwi ukingoni na jambo moja, na atakayekwambia ni mapenzi tu au ni pombe tu amechoka kuhesabu.

Wiki ile ya mwaka 2023 alimpa mwenzake gambuti zake mpya, bure. Mchimbaji kugawa gambuti msimu wa mvua! Wenzake walicheka, wakasema dhahabu imempanda kichwani. Jioni alimpigia Dani simu, akasema, "Dani, kama nilikukosea unisamehe." Dani alijibu, "Nyakwara, mjukuu wangu, umenikosea nini?" Laini ikakatika, naye akadhani ni mtandao.

Alichokifanya sitakisimulia. Aliwahiwa.

Hospitalini alipofumbua macho aliona watu wawili. Dani alikuwa ameketi sakafuni, amenyoosha miguu kama mtu wa matangani. Kwenye benchi, askari akisubiri mgonjwa apate nafuu ampeleke kituoni. Baba mdogo alifika alasiri, suti ya Jumapili, jasho. Hakumsogelea kitanda. Alisimama mlangoni akawaambia ndugu waliokusanyika: "Hii ni damu. Babu mkubwa naye alikwenda hivi hivi, akazikwa nje ya boma usiku. Ukoo wetu una jambo hili. Kondoo achinjwe."

Dani hakuinua uso. "Wuoda," alisema, mwanangu, "damu hiyo hata mimi ninayo, na nimeona miaka themanini. Mtoto nilikukabidhi mzima. Niambie umenirudishia nini."

Ugomvi huo wa mama na mwanawe, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kufulia, ndio ugomvi ambao maabara kubwa za dunia zimekuwa zikiuamua kwa zaidi ya miaka ishirini. Je, ni damu, au ni mkono? Hukumu yake ni tamu kwa sababu haimwachi yeyote kati yao alivyokuwa.

Tuanze na mwili unaposhtuka. Ubongo hutuma ujumbe hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Usingizi hukimbia, sukari hupanda kwenye damu, misuli hujiandaa. Hatari ikipita, kotisoli hiyo hiyo hurudi ubongoni, ikapokewa na vipokezi vilivyojaa hasa katika sehemu iitwayo hipokampasi, na vipokezi ndivyo vinavyoamuru king'ora kizimwe. Vikiwa vichache, king'ora huendelea kulia hata mwizi akishakwenda zake. Sasa, jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo inaweza kuwekewa vibandiko vidogo vya kemikali, wanasayansi huviita methili. Maandishi yenyewe hayabadiliki hata herufi moja. Ni kama daftari ambalo mtu amebandika karatasi juu ya mistari fulani: yaliyoandikwa yapo, ila hayasomeki.

Nani anabandika? Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakiwemo Michael Meaney na Moshe Szyf, walieleza waliyoyaona kwa panya. Mtoto wa panya anayelambwa sana na mama yake katika wiki ya kwanza ya maisha hukua na vibandiko vichache kwenye jeni ile, na huwa hashtuki ovyo. Asiyelambwa hukua navyo vingi. Kisha wakabadilisha watoto, wa mama mkavu akapewa mama mwenye mapenzi. Wakakua wakifanana na aliyewalea, si aliyewazaa. Dani, asiyejua kusoma, angekubali bila kuonyeshwa panya.

Miaka mitano baadaye Patrick McGowan, pamoja na Meaney, Szyf na Gustavo Turecki, waligeukia binadamu. Quebec wana hazina ya bongo za watu waliofariki, zilizotolewa na familia zao. Walichukua 36: 12 za watu waliojiua na walioteswa utotoni, 12 za waliojiua bila historia hiyo, na 12 za waliokufa kwa sababu nyingine. Vibandiko vilikuwa vingi, na vipokezi vichache, katika kundi la kwanza. Kundi la pili, ambao nao walijiua, hawakutofautiana na wale wa ajali na maradhi ya ghafla.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana wengi huipita mbio. Alama iliyopatikana haikuwa alama ya kujiua. Ilikuwa alama ya kuteswa. Kwenye hipokampasi ya mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, palikuwa na maandishi ya mwaka aliokuwa na miaka saba.

Na si Wazungu wa Quebec tu. Mwaka 2012 timu ya Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida ilichapisha matokeo ya akina mama 25 na vichanga vyao huko Goma, mashariki ya Kongo. Kadiri mama alivyopitia dhiki za vita, ndivyo vibandiko vilivyoongezeka kwenye jeni hiyo hiyo ya kichanga, na ndivyo mtoto alivyozaliwa mwepesi. Mwaka 2014 Nader Perroud, akishirikiana na Eugène Rutembesa wa Rwanda na wengine, alieleza habari za wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994: waliopitia mauaji yale, wao na watoto wao, walikuwa na alama hiyo zaidi ya wajawazito wenzao ambao hawakuyapitia. Vikundi vyote hivi ni vidogo, watu 25 huku, 36 kule, na mimi siwezi kujengea nyumba juu ya watu 25. Lakini vidole vinaelekea upande mmoja.

Baba mdogo naye apewe haki yake, kwa sababu kuhusu damu hakukosea kabisa. Watu hatuzaliwi na ngozi ya unene mmoja. Mwaka 2013 kikundi cha Elisabeth Binder huko Munich, Ujerumani, kilieleza jeni nyingine, FKBP5, inayosaidia kurekebisha king'ora kile kile. Wapo waliozaliwa na umbo lake lenye udhaifu. Lakini mabadiliko waliyoyaona kwenye jeni hiyo yalitokea kwa wenye umbo hilo walioteswa utotoni. Wenye umbo lile lile waliolelewa salama hawakuwa nayo. Damu ilikuwa bunduki ukutani. Ilihitaji mtu wa kuitungua.

Kuhusu kujiua kwenyewe, ushahidi mzito zaidi haukutoka kwenye darubini bali kwenye maswali. Huko San Diego, Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwapa zaidi ya watu wazima 17,000 karatasi ya maswali ya wazi wazi: ulipigwa, uliguswa, uliona mama akipigwa, mlevi alikuwa nyumbani? Mwaka 2001 ilichapishwa hesabu ya kujaribu kujiua. Kila aina ya mateso, peke yake, iliambatana na hatari iliyozidi mara mbili hadi tano, na mateso yalipolundikana hatari ilipanda ngazi kwa ngazi.

Hapa ndipo woga wangu ulipo, na ndiyo sababu nimeandika. Nawajua watu wetu, nami ni mmoja wao. Tukisikia kuna alama kwenye damu, kesho yake tutaitafuta kabla ya posa. Kijana ataulizwa cheti. Ukoo uliokuwa ukinong'onwa kwa chira utanong'onwa kwa methili, na baba wadogo wa nchi hii watasema, si niliwaambia? Basi ieleweke: hakuna hospitali duniani leo yenye kipimo cha damu kinachoweza kusema huyu atajiua na yule hatajiua. Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins waliripoti jeni iitwayo SKA2, magazeti yakapiga kelele kwamba kipimo kimepatikana. Miaka imepita, na kipimo hicho hakipo kwenye kaunta ya kliniki yoyote. Walioteswa utotoni wengi mno wanaishi, wanazeeka, wanalea vizuri. Panya wenyewe, wakiwa wakubwa, walipewa dawa iliyoondoa vibandiko na woga wao ukapungua. Binadamu hatujafika huko, ila kibandiko kilichobandikwa si jiwe.

Kipimo tulichonacho ni kile cha mwalimu wa Karungu, na alikitumia mara moja.

Askari wa kwenye benchi alikuwa akifuata sheria. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa kifungo cha hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Ulikuwa urithi wa Waingereza, ambao wenyewe walishaufuta kwao mwaka 1961. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili walikwenda mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, akatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa kijana wetu hukumu ilichelewa, ila askari yule alikuwa mtu wa watu. Siku ya tatu aliondoka na hakurudi, na hakuna aliyemfuata kumkumbusha.

Aliyerudi alikuwa nyamrerwa, mama wa afya wa kijiji, mwenye mkoba wa buluu na viatu vya plastiki. Alimkuta kwa Dani, Mbita, akianua omena. Hakumhubiria. Alishika upande wa pili wa chandarua, wakawa wanaanua pamoja, kisha akauliza bila kumtazama: "Mwanangu, bado unafikiria kujiua?" Dani alishtuka ndani ya nyumba, kwetu neno hilo halitamkwi, linaogopwa kama moto karibu na nyasi. Lakini ndivyo wanavyofundishwa, na wamefundishwa sawa: kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo. Kijana alisema ndiyo, usiku. Nyamrerwa akauliza tena: "Na mama yako alipofariki, ulikuwa na miaka mingapi?" Alihesabu kwa vidole vyenye magamba ya samaki. Minane. "Halafu ukaenda kwa nani?"

Jua lilikuwa limezama walipomaliza. Omena zilibaki nje, zikanyeshewa, hasara ya debe zima, na Dani hakusema kitu. Kuanzia wiki ile alihudhuria kliniki mara mbili kwa mwezi, nauli ya bodaboda akitoa Dani. Kwa usiku, nyamrerwa alimwandikia nambari ya Befrienders Kenya, 0722 178 177, kwenye ukuta wa udongo kwa mkaa, kwa sababu karatasi hupotea. Chini yake akaandika 116, ya watoto, isiyolipiwa. "Hiyo si yako," alimwambia. "Ni ya utakayemwona."

Shimoni hakurudi. Siku hizi anauza omena kwenye gati la Sori, na wanunuzi wanamjua kwa kuwa gorogoro lake halina pindo la ndani. Mwaka jana mwalimu wake, sasa mstaafu mwenye fimbo ya kutembelea, alisimama mbele ya meza yake asijue aanzie wapi. Alinunua gorogoro mbili ambazo hakuzihitaji. Kisha akasema alilokuja kulisema: kwamba anakikumbuka kile kifutio, na kile kicheko, na ule mkono uliovimba. Kwamba aliuliza na akajibiwa.

"Nilikudanganya, Mwalimu," kijana alisema.

"Najua."

"Hata ungeniuliza kesho yake ningekudanganya." Alikuwa anafunga omena kwenye gazeti, anakunja pembe moja baada ya nyingine. "Lakini keshokutwa, sijui."

Akamkabidhi furushi kwa mikono miwili, akamwongezea kiganja kimoja juu, akamgeukia mama aliyekuwa akisubiri nyuma.